Dawa ya Kupunguza Damu

Asubuhi ile Fundi Saa aliweka kikombe mezani, akainamisha kichwa upande wa kulia, akatega sikio. Sebule yake ilikuwa na saa kumi na moja ukutani, zote zinakwenda, na kila moja aliijua kwa sauti kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe. Zote zilikuwepo. Iliyokosekana ni ya kumi na mbili, na hiyo haikuwa ya ukutani. Ilikuwa kifuani mwa mkewe, aliyekuwa ameketi mbele yake akipaka siagi kwenye mkate na kusema.

Kusema kwenyewe hakukuwa dalili ya kitu chochote. Mwanamke yule alisema akila, alisema akishona, na usingizini alimalizia yale ambayo mchana ulimnyima nafasi. Mtaa mzima ulimwita Redio, naye hakuchukia hata kidogo; alisema redio ni chombo cha heshima na anayeizima ni yule asiyejitakia maendeleo. Alikuwa mshonaji, na wapo wateja waliompelekea nguo zisizo na kasoro yoyote ili tu wakakae karibu na cherehani wapate habari.

Miaka sita nyuma, ugonjwa alioupata utotoni ulikuwa umemla mlango mmoja wa moyo, na madaktari wakautoa, wakamwekea wa bandia na kumpa vidonge vya kumeza kila jioni. Mlango huo ulikuwa na vibawa viwili vidogo vigumu, vinafunguka damu ipite, vinafunga isirudi, na kila vikifunga vinalia: tik. Chumba kikiwa kimya, hata mgeni alisikia. Mgeni mmoja aliwahi kujipekua mifuko yote akitafuta saa yake. Fundi aliutamkia mlango ule maneno ya mapenzi ambayo mwenyewe mwenye kifua hakuyapata tangu harusi: eti hajaona kazi safi namna ile, haichelewi, haiwahi, haitaki kutiwa ufunguo.

"Mama watoto," alisema, "hebu nyamaza kidogo."

"Ninyamaze nimekosa nini?"

"Hulii."

"Nilie kwa nini? Kuna msiba?"

"Moyo wako. Moyo wako haulii."

Redio alishusha kisu cha siagi. Fundi alizunguka meza, akapiga magoti, akabandika sikio kwenye kifua cha mkewe, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake akafumba jicho moja, lile la kuvalia lenzi. Alichosikia hakikuwa tik. Kilikuwa dup, dup, kizito, kama mtu anayebisha hodi amevaa soksi mkononi. Ndipo akakumbuka kwamba siku tatu hizi mkewe alikuwa akikata sentensi katikati ili avute pumzi, na yeye akadhani ni ustaarabu umeanza kumwingia.

"Ni damu tu hiyo," alisema Dada Mkubwa kutoka jikoni. Huyu alikuwa dada yake Redio, aliyekuja wiki tatu zilizopita kumsaidia mdogo wake kazi za nyumbani, akaja na mashine yake ya kusagia juisi. Alitokea na bilauri ya maji ya kijani kibichi, mazito. "Imepungua. Inarudi taratibu. Kunywa, mdogo wangu."

Fundi hakuitazama bilauri ile. Alikuwa ameshachukua viatu.

*

Kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali, karani alikuwa na fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

"Amenyamaza," Fundi alijibu.

Karani alimtazama Redio, ambaye muda huo alikuwa akimweleza mama mmoja kwenye foleni kwa nini gauni lake linamvuta begani, akimwonesha kwa kidole na kuhema kati ya neno na neno.

"Huyu ndiye aliyenyamaza?"

"Ndani. Nje hajanyamaza."

"Mzee, hapa tunaandika ugonjwa. Homa? Kuhara? Kuanguka?"

"Andika hivi: mlango wa moyo, kibawa kimoja kimekwama. Kingine kinapiga peke yake."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi saa."

Karani aliandika "kuchanganyikiwa," na kwa kuwa hakuuliza zaidi, haikujulikana kama alimaanisha mgonjwa au aliyemleta. Lakini nesi aliyekuwa akipita aliona kovu refu likichungulia juu ya kola ya Redio, akaona anavyohema na midomo inavyopauka, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu bila kungoja muhuri. Nusu saa baadaye walikuwa kwenye chumba cha vipimo, Redio kalala ubavu, mashine ya kupigia picha ya moyo inanguruma, na madaktari wawili wamekodolea macho kioo.

"Kibawa kimoja kimekwama," alisema yule kijana.

"Kingine kinapiga peke yake," alisema yule mzee.

Fundi aliinua kidevu, akatazama dari kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba ameshinda. Angeufurahia ushindi ule zaidi kama si mkono wa mkewe, uliokuwa umemshika kidole gumba na kukibana.

Madaktari hao tuwatambue. Daktari Mzee alikuwa na nywele nyeupe, miwani iliyofungwa kamba, na desturi ya kuita kila kifaa kipya "hicho kidude." Daktari Kijana alikuwa mwanamke mwembamba, anatembea kama ana deni la dakika tano na kila mtu, na simu yake ilijaa tafiti. Walikuwa wanapendana kama baba na binti, na walibishana hivyohivyo.

"Damu imeganda kwenye bawaba ya mlango," Daktari Kijana aliwaeleza. "Bonge si kubwa, lakini limebana. Mama, unameza vile vidonge vyako?"

Redio, ambaye kwa kawaida jibu lake hulitangulia swali, alitazama ukuta.

"Nilimpumzisha mimi," Dada Mkubwa, aliyekuwa amewafuata hospitali, alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayengoja kupongezwa. "Wiki tatu sasa. Mtu kapauka, anachoka, halafu kila jioni anameza dawa ya kupunguza damu! Damu yenyewe iko wapi hata ipunguzwe? Nikamwondolea vidonge, nikamwekea juisi ya majani, bilauri tatu kwa siku. Majani yanaongeza damu, hilo hata mtoto analijua."

Daktari Kijana alizima mashine ya picha.

"Dawa ya kupunguza damu," Daktari Mzee alirudia polepole. "Nani alikwambia ni dawa ya kupunguza damu?"

Dada Mkubwa alimtupia jicho Fundi, mara moja tu, akalirudisha.

"Watu," alisema.

"Vidonge vile havipunguzi damu, mama. Vinaizuia isigande ovyo. Damu inabaki ileile, ndoo ileile. Na majani mabichi mengi kwa mpigo yanapingana na dawa hiyo. Ninyi mmeondoa breki, kisha mkakanyaga mafuta."

Dada Mkubwa alitafuta ukuta wa kuegemea. Fundi alihisi damu yake mwenyewe, ambayo haikuwa na tatizo lolote, ikimpanda hadi masikioni.

*

Kulikuwa na njia tatu, na kila moja ilikuwa na hatari yake. Ya kwanza ilikuwa upasuaji, kufungua kifua tena, lakini hospitali yenye kazi hiyo ilikuwa mwendo wa siku nzima, na moyo wa Redio haukuwa wa kusafirishwa. Zilibaki dawa mbili za kuyeyusha bonge, na hapo ndipo baba na binti walipotofautiana, tena wodini, mbele ya kitanda cha Redio.

"Streptokinesi," alisema Daktari Mzee, na macho yakamlainika. "Nimeitumia tangu huyu mwenzangu anajifunza kutembea. Naijua tabia yake. Ya kale ni dhahabu."

"Alteplesi," alisema Daktari Kijana. "Kidogokidogo, kwa saa sita, kwa pampu. Siyo kuimwaga yote kwa mkupuo."

"Zote mbili zinafungua mlango?" Fundi aliuliza.

"Zote zinafungua," walijibu kwa pamoja, wakatazamana kwa kero.

"Sasa mnagombania nini?"

Daktari Kijana alivuta pumzi. "Tunagombania madhara. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda haichagui. Inaweza kuyeyusha na pale ambapo kuganda kunahitajika, mgonjwa akavuja damu, hata kichwani. Au kipande cha bonge kikameguka, kikasafiri na damu hadi kwenye ubongo." Alisita. "Kikifika huko, anaweza kupooza upande. Au kupoteza kauli."

Alilisema neno "kauli" akimtazama mgonjwa, kwa hiyo hakuona jinsi Fundi alivyoshika ukingo wa kitanda.

"Tafiti zinaonesha kwamba dozi ndogo inayoingia polepole hupunguza hayo," aliendelea.

"Tafiti zenyewe ni za watu wachache, na hazikuzipambanisha dawa hizi ana kwa ana kama inavyotakiwa," Daktari Mzee alidakia. "Sema na hilo."

"Nasema na hilo. Na wewe sema kwamba ya kwako huleta homa na kutetemeka, na shinikizo la damu hushuka, kwa sababu mwili huichukia."

"Si kila mwili!"

"Jamani," Redio alisema kutoka kitandani, anahema. "Wapiganapo tembo... ziumiazo nyasi. Na nyasi... ndiyo mimi nimelala hapa. Hiyo ya mzee... inaitwaje?"

"Streptokinesi."

"Jina lenyewe limeganda. Litayeyusha nini?"

Daktari Mzee alicheka mpaka miwani ikamwanguka ikaning'inia kwenye kamba. Kisha akawa mtu wa kazi tena. Alisema wataenda kuandaa fomu ya ridhaa, na watakaporudi watakuwa wameshakata shauri. Fundi akatoka nao, lakini hakufika mbali. Dada Mkubwa alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, mkoba magotini, na Fundi akamkabili kwa hasira aliyokuwa ameitunza tangu chumba cha vipimo.

"Shemeji, umetaka kuniulia mke! Mtu mzima na akili zako, unaacha dawa ya hospitali unashika majani? Nani kakupa cheo cha udaktari? Hao watu waliokwambia ni watu gani? Nitajie, niende nikawaulize mimi mwenyewe!"

Dada Mkubwa aliinua macho. Yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka.

"Watu ni wewe, shemeji."

"Mimi?"

"Siku niliyofika. Ulikuwa mezani, umevaa hicho kioo chako jichoni, umefungua saa ya mtu. Nikakuuliza, shemeji, hivi vidonge vya mdogo wangu vya nini? Ukaniambia, hata kichwa hukuinua: vya kupunguza damu. Nikakuuliza, kupunguza vipi? Ukasema, kupunguza ni kupunguza, shemeji, kama mafuta yakizidi kwenye mashine."

Fundi alikumbuka saa yenyewe, ya mwalimu mmoja, skrubu yake imeliwa kutu. Alikumbuka jinsi alivyofurahishwa na mfano ule wa mafuta; alikuwa hata amepanga kuutumia tena kwa mtu mwingine. Dawa yenyewe hakuijua inafanyaje kazi. Hakuwahi kuuliza. Miaka sita alikuwa akiwaeleza watu.

Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na Fundi wakati huo aliliona lake lote, tena katikati ya korido.

"Mbona hukusema kule ndani?" aliuliza.

"Niseme ili iweje? Mdogo wangu akuone wewe ndiye? Anayelala na wewe ni yeye." Dada Mkubwa alifunga zipu ya mkoba, akaifungua tena. "Mimi nitarudi kwangu tu. Lawama nitaibeba, si nzito kwa mtu wa kwenda mbali."

Fundi aliketi kando yake kwenye benchi, mpaka Daktari Mzee alipopita na fomu, akainuka kumfuata.

*

Daktari Mzee alirudi na fomu mbili, moja kwa kila dawa, kwa kuwa shauri halikuwa limekatika. Aliketi kando ya kitanda.

"Swali la mwisho. Dawa yangu imetokana na vijidudu, ndugu wa vile vinavyoleta ugonjwa wa koo. Mwili ukiwa umepambana na koo karibuni, unaijua dawa hii kama adui, unaikamata mlangoni. Haifanyi kazi vizuri, na inaleta vurugu. Mama, umeumwa koo miezi hii?"

"Mimi?" Redio alifikiri. "Hapana. Mafua ya kawaida."

"Ameumwa," Fundi alisema.

Wote walimgeukia.

"Mwezi uliopita. Alianza Jumanne saa sita mchana, akapona Jumamosi jioni kabla ya chakula. Homa, koo limevimba, hata kumeza mate ilikuwa kazi."

"Una hakika?" Daktari Mzee alimkazia macho. "Watu husahau siku."

"Nina hakika."

"Unakumbukaje mpaka saa?"

Fundi alimtazama mkewe. Alitazama pampu ya dawa iliyokuwa tayari kwenye mti wake wa chuma. Ukweli ule ulikuwa na gharama, lakini uongo ungeweza kupita kwenye mshipa wa mkono wa mkewe, na hilo hakuliweza.

"Kwa sababu hakusema," alijibu. "Siku nne nzima. Nyumba ilikuwa... Daktari, nyumba ilikuwa tulivu. Nilikaa kila jioni karibu yake nikausikiliza mlango wake unavyolia, vizuri kabisa, hakuna kinachoingilia. Nilisema moyoni, hizi siku sitazisahau."

Nesi alikohoa kuficha kicheko. Redio alijiinua kwenye mto, taratibu, macho yamemtoka.

"Siku nne nakufa kwa koo... wewe uko kwenye tamasha?"

"Mama watoto..."

"Usiniite mama watoto! Niite mgonjwa!"

Daktari Mzee alikunja fomu moja, akaichana vipande viwili bila huzuni kubwa. "Imekwisha," alisema. "Kidude chako, binti. Saa sita, kwa pampu, polepole." Naye Daktari Kijana, badala ya kushangilia, akamkalisha Redio vizuri, akamsomea fomu iliyobaki mstari kwa mstari, pamoja na mistari ya kutisha. Redio aliisikiliza yote. Aliuliza maswali matatu ya maana, la nne kuhusu mshono wa koti la daktari, kisha akatia saini yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa.

*

Dawa ilianza kuingia saa nne asubuhi. Kila nusu saa nesi, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alikuja kupima kama ubongo uko salama. Maswali yalikuwa yaleyale: jina lako nani, leo siku gani, tabasamu, inua mikono yote miwili, na huyu aliyekaa hapa ni nani?

"Huyo," Redio alijibu mara ya kwanza, "ni mtu aliyesherehekea koo langu."

"Ubongo uko sawa," nesi aliandika.

Saa nne na nusu: "Huyo ni fundi. Saa za watu anazimaliza kwa ahadi. Mlango wa choo chetu una miezi minane umevunjika."

Saa tano: "Namjua kwa sura. Sikumbuki nilimpendea nini."

"Uko sawa kabisa," alisema nesi.

Kila tusi lilimwingia Fundi kama maji baridi kwa mtu aliyetoka juani. Alikuwa akihesabu dakika hadi lifike jingine. Katikati ya tusi na tusi aliogopa, na kwa kuwa alikuwa anaogopa alianza kusema. Alimsimulia mkewe habari za saa ya mwalimu na skrubu yake, kwamba skrubu yenye kutu haipigwi nyundo, inatiwa tone, unangoja, unatia tone. Alimsimulia habari za wateja, bei ya betri, ndoto aliyoota juzi. Alisema kuhusu mlango wa choo, ataanza Jumatatu. Alisema hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kama wodi ile ina sehemu ya wanaopenda kulala. Daktari Kijana alipita, akapima, akasema bado. Saa nane alipita tena, akasema labda kidogo. Fundi naye alisema tu, koo limemkauka, hasikii kitu kingine zaidi ya sauti yake mwenyewe.

Saa tisa alasiri nesi alikuja na ubao wake.

"Mama, jina lako nani?"

Redio alikuwa ametazama dari. Hakujibu.

"Mama? Leo siku gani?"

Kimya. Midomo ilikuwa imefungwa, macho yamekaza sehemu moja. Nesi aliweka ubao chini, na namna alivyouweka, polepole mno, ndiyo iliyompa Fundi habari.

"Mama, huyu ni nani?"

Hakuna.

Fundi alikuwa akiifikiria kauli ya mkewe tangu asubuhi, lakini kuifikiria si kuikosa. Aliiona nyumba yake na saa zote kumi na moja, na katikati yake mwanamke anayetazama dari, na utulivu, utulivu mtupu kila jioni mpaka mwisho wa maisha yao. Alikuwa tayari kuitoa kila saa, na duka, na sikio lenyewe.

"Nitukane," alisema, na machozi yakamtoka bila aibu. "Mke wangu, nitukane! Hata kidogo. Sema mlango wa choo. Umeolewa na mjinga, sema. Nakoroma, sema! Mimi ndiye niliye..."

"Daktari!" nesi alipiga kelele. Daktari Mzee aliingia mbio, Daktari Kijana nyuma yake, wote wakainama kitandani kwa wakati mmoja wakagongana vichwa.

Redio aliinua mkono wa kulia. Kisha wa kushoto. Yote miwili, sawasawa, hadi juu. Kisha kidole kimoja akakiweka mdomoni.

"Shhh," alisema. "Hebu nyamazeni. Na huyu naye tangu asubuhi hafungi mdomo. Nasikiliza."

Wodi ilinyamaza. Hata kitanda cha pili kilinyamaza. Katika ule ukimya, hafifu mwanzoni, halafu wazi, ikaja: tik. Tik. Tik. Walioisikia ni wote isipokuwa Fundi, ambaye alikuwa amekamatwa na kwikwi ya kilio na kila alipotega sikio alijisikia mwenyewe.

"Imerudi?" aliuliza. "Kweli imerudi? Mbona sisikii?"

"Utasikiaje?" alisema mkewe. "Unaongea."

Picha ilipigwa. Vibawa viwili, vyote vinafunguka, vyote vinafunga. Daktari Mzee alikitazama kioo muda mrefu, akamwambia mwenzake kwamba hicho kidude si kibaya.

*

Siku tatu baadaye, damu ilipokuwa imeshapimwa vya kutosha na vidonge kuanza upya, Daktari Kijana alivuta pazia la kitanda na kuwakusanya watatu: Redio aliyevaa nguo zake za nyumbani, Fundi, na Dada Mkubwa, ambaye mkoba wake ulikuwa umefungwa na tiketi iko mkononi.

"Kabla sijawaruhusu," alisema, "nataka kujua lile neno lilitoka wapi. Si kwa ajili ya kumfunga mtu. Nikijua lilitoka wapi, nitajua pa kulizibia. Nani alisema ni dawa ya kupunguza damu?"

Dada Mkubwa alitazama sakafu. "Nilishasema, daktari. Watu. Tena mimi ndiye niliye..."

"Mimi," alisema Fundi.

Redio aligeuza kichwa.

"Shemeji aliniuliza dawa ni ya nini. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Akaniuliza tena, nikamjibu kwa mfano. Yeye alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angefanya akisikia dada yake anapunguzwa damu. Kisha siku ile nikamfokea kwenye korido, na yeye akanifichia." Alimgeukia Dada Mkubwa. "Nisamehe, shemeji. Hiyo tiketi ni yako, lakini nakuomba ukae."

Dada Mkubwa alitoa leso, akaitumia kwa kelele.

Redio alikuwa amemtazama mumewe bila kusema, na safari hii hakuna aliyeita daktari.

"Vizuri," alisema Daktari Kijana. Aliinua kichupa cha vidonge. "Basi nianze na wewe. Niambie kwa maneno yako mwenyewe, dawa hii inafanya nini mwilini?"

Fundi alifungua mdomo. Mfano ulikuwa tayari, unamngoja kwenye ncha ya ulimi: mafuta, gurudumu, vumbi kwenye meno ya saa. Ulikuwa mfano mzuri kuliko ule wa kwanza. Aliufungia.

"Sijui," alisema.

Redio alijiinua kitandani. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa alikuwa amemsikia mume wake akieleza radi, kodi, uzazi na mwisho wa dunia, na neno lile hakuwahi kulisikia.

"Rudia," alimwambia.

"Sijui. Sijawahi kujua." Fundi alivuta kiti, akakaa, akamvutia na Dada Mkubwa cha pili karibu yake. "Tueleze upya, daktari. Polepole. Mimi na shemeji tunasikiliza."

"Daktari," Redio alisema, "hilo liandike kwenye faili langu."

Daktari hakuliandika. Alifungua kichupa, akadondosha kidonge kimoja kiganjani, akaanza tangu mwanzo, na kwa robo saa nzima hakuna mtu kati ya wale watatu aliyemkatiza.